Kodi ya Marehemu

Katika soko la Malava, upande wa wanawake wanaouza ndizi, palikuwa na mmoja ambaye mteja mzoefu hakuthubutu kumwambia, "Mama, hayo tutamaliza nyumbani." Aliitwa Navalayo, binti Sifuna. Ukimtamkia maneno hayo, alikunyang'anya chane la ndizi mkononi, akalirudisha juu ya gunia na kukugeuzia mgongo. Wageni walimwona mkali bure. Waliomjua walicheka chini chini na kumwonya mgeni asirudie, maana walijua nyumbani kulimfanyia nini mwanamke yule.

Hakuzaliwa na ukali huo. Alikuwa kifungua mimba wa mzee Sifuna, mkulima wa mahindi na wimbi, ambaye boma lake lilikuwa juu ya kijito, si mbali na barabara ya kwenda Broderick Falls. Mama yao alipofariki, Navalayo alikuwa bado msichana wa kuchota maji, na mgongoni mwake akabaki mtoto mchanga aliyeitwa Cornelius. Alimlea kwa uji na kwa vitisho, kama dada wote wakubwa. Alipopata mchumba kule Matete, ng'ombe waliokuja kwa mahari hawakukaa zizini hata wakanenepa. Waliuzwa mmoja mmoja, Cornelius akaenda shule, akavaa viatu, akajua Kiingereza. Navalayo alifurahi kwa dhati. Alijisifu kwa wanawake wenzake wa kule Matete kwamba ng'ombe wake sasa wanasoma.

Ndoa ya Matete ilimshinda. Mume alikuwa na mkono mwepesi, na mtoto hakupatikana. Alirudi kwa baba yake na kifurushi kimoja kichwani. Wakwe nao wakafika nyuma yake kudai ng'ombe wao, na kwa kuwa ng'ombe wale walikwisha kugeuka kalamu na viatu, mzee Sifuna alitoa wa kwake, kundi lake lote la ujana, akabaki na zizi lenye majani. Kwa hilo hakumlaumu binti yake hata siku moja. Cornelius wakati huo alikuwa karani tayari, katika ofisi za serikali mjini Kakamega. Alisikia habari hizo, akatuma salamu za pole.

Sasa, mzee Sifuna alikuwa na jambo lililomwuma kuhusu binti yake. Huku kwetu, msichana aliyeachika akarudi kwao huishi kwa kuhurumiwa. Analima anapoonyeshwa, mwakani anaonyeshwa pengine. Akifa, huzikwa pembeni karibu na ua, upande ambao watu hupitisha mbuzi. Mzee hakutaka binti yake apitiwe na mbuzi. Jumamosi moja Cornelius alipokuja nyumbani kutoka mjini, baba alimpa jembe, akamwita Navalayo, akamwita na jirani yake mzee Masinde aje kuwa shahidi. Wote wanne wakashuka mpaka kando ya kijito.

Walitembea polepole, maana magoti ya mzee yalikuwa yamechoka. Mzee Sifuna alikuwa amekata matawi ya lusiola, ule mti wa maua ya njano tunaoupanda mipakani kwa sababu unashika hata ukichomekwa kwa hasira. Kila alipogonga ardhi kwa fimbo, Cornelius alichimba shimo, mzee akasimamisha tawi, Cornelius akashindilia udongo kwa kisigino cha kiatu chake cha ofisini. Walizunguka hivyo hata wakarudi walikoanzia.

"Mama," mzee akamwambia binti yake, maana ndivyo alivyomwita, "hapa utajenga. Hapa utalimanga chakula yako, na hakuna mtu atakuuliza. Na siku yako ikifika, utalala hapa hapa, katikati, si kwa ua. Masinde, umesikia?"

"Nimesikia," akajibu Masinde.

"Cornelius, umesikia?"

"Baba, umefanya vizuri sana," akasema Cornelius, akipangusa udongo kwenye kiatu. "Dada ndiye alinibeba mgongoni. Hata ungempa mpaka kule juu, mimi singesema kitu."

Navalayo aliyakumbuka maneno hayo kwa miaka mingi, na kiatu kile pia. Alijenga kibanda chake pale, akapanda migomba, viazi vitamu na mahindi. Matawi ya lusiola yakashika, yakawa miti.

Mzee Sifuna alikufa mwaka ule wa sitini na tatu, mvua za masika zikianza, wakati watu walikuwa hawana habari nyingine midomoni ila Uhuru. Akazikwa, na siku ya tatu ikawa ni siku ya kunyolewa. Kwa wasioijua, siku hiyo wafiwa hunyolewa nywele, kisha wazee hukaa uani mbele ya watu wote, mambo ya marehemu yakafunguliwa. Aliyemdai husema. Aliyepewa kitu naye marehemu akiwa hai husimama yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, akataja alichopewa. Hakuna anayeweza kumsemea. Mwulizaji huuliza mara tatu, kisha wazee hunawa mikono katika beseni moja, na mikono ikishanawa, hakuna tena wa kudai.

Asubuhi ya siku hiyo Navalayo alikuwa jikoni akinyonyoa kuku wa wageni. Cornelius akaingia. Mwanamume wa huku haingii jikoni, na karani ndiyo kabisa, kwa hiyo Navalayo alijua kuna jambo. Cornelius alichuchumaa karibu na mafiga, moshi ukamliza machozi, akamwekea dada yake mkono begani.

"Dada," akasema, "leo Masinde atauliza. Hiyo maneno ya shamba ya kwa mto, usiitaje."

"Kwa nini nisiitaje? Si wewe ulichimba mashimo?"

"Nilichimba. Nani amekataa? Lakini sikia. Mimi niko ofisini, naonanga vitu. Kuna kodi ya mtu amekufa. Mzungu mmoja wa Lugari alikufa, wakaja wakaandika mali yake yote, mpaka vijiko, serikali ikakata yake kwanza, watoto wakapewa kilichobaki. Leo chifu atakuwa hapa. Kila kitu itatajwa mbele yake itaandikwa. Ukisema shamba yako, na mwingine aseme yake, watajumlisha, wataona baba alikuwa tajiri. Watatukata mpaka tulale njaa."

Navalayo aliacha kunyonyoa. Neno kodi lilikuwa na sura kwake. Akiwa mtoto alimwona baba yake akifungwa kamba kiunoni na askari wa chifu, pamoja na wanaume wengine wa kijiji, wakapelekwa Kakamega kwa miguu kwa sababu ya kodi ya nyumba. Alimwona akirudi amekonda, haongei. Tangu siku ile, katika boma la Sifuna, mgeni mwenye kofia ya serikali akionekana njiani, kuku walifichwa chini ya vitanda.

"Kwa hivyo nifanye nini?" akauliza.

"Nyamaza tu. Mimi na wewe ni wa tumbo moja. Hayo tutamaliza nyumbani."

Na yeye akaamini. Wanaomcheka leo waseme wao wangefanya nini. Aliyemwambia ni mtoto aliyemlea, ndiye msomi wa pekee katika ukoo, naye anafanya kazi mahali pale pale kodi inakotoka. Tena uongo wenyewe haukuwa uongo mtupu. Kodi hiyo ilikuwepo, na yule Mzungu alikufa kweli. Cornelius aliuchukua ukweli wa watu wenye mashamba ya kupimwa kwa gari akamvika dada yake mwenye migomba.

Uani watu walijaa. Chifu alikaa kwenye kiti cha mikono, akasinzia. Mzee Masinde akasimama, akauliza, "Kuna mtu alipewa kitu na Sifuna, macho yake yakiwa wazi?" Akamtazama Navalayo. Navalayo akatazama chini. Masinde akauliza mara ya pili, safari hii kwa sauti kubwa, na akangoja. Mtu akakohoa. Mara ya tatu sauti yake ilikuwa na hasira ndani yake, na Navalayo alibana meno mpaka taya likamwuma, akihesabu jinsi anavyowaokoa wenzake na kamba ya askari. Ndipo Cornelius mwenyewe akachukua birika, akawamiminia wazee maji mikononi, na beseni likamwagwa nje ya ua.

Mwaka huo Cornelius alikuwa ndugu mwema kupita kiasi. Kila alipokuja alileta sukari na majani ya chai. Navalayo alimkumbusha kwa upole kwamba yale mambo hawajayamaliza. "Subiri kwanza, dada, msiba bado mbichi." Msiba ukakauka. "Subiri Uhuru ipite." Uhuru ukapita, watu wakacheza ngoma mpaka nyasi za uwanja zikaisha, wakaambiwa udongo umerudi kwa wenyewe. Navalayo naye alicheza. Alirudi jioni amechoka kwa furaha, akaketi chini ya miti yake, akaona kweli udongo umerudi.

Kisha wakaja wapimaji. Kila mwenye shamba alitakiwa kusimama mpakani, aonyeshe, mnyororo uvutwe, jina liandikwe. Cornelius alichukua likizo kwa ajili hiyo. Navalayo alikuwa akipalilia viazi alipouona mnyororo ukipita katikati ya shamba lake, ukavuka miti ya lusiola bila kusimama hata kidogo.

"Baba," akamwita mpimaji, "huoni hii miti?"

"Naona, mama. Mwenyewe amesema ni ya kuni."

Alitupa jembe akakimbia mpaka kwenye kamati ya ardhi, iliyokuwa imekaa kivulini karibu na kanisa, miguu ikiwa na matope. Cornelius alikuwa hapo, ametulia, mikono ameikunja. Navalayo alisema kila kitu: matembezi yao wanne, mashimo, kiatu, jikoni, kodi. Alipofika kwenye kodi, wanakamati walianza kutazamana. Mmoja akashindwa kujizuia akacheka, na kicheko kikaenea. Kodi ya marehemu, kwa Sifuna! Sifuna ambaye suruali aliyozikwa nayo aliazimwa!

"Cornelius," akauliza mwenyekiti akijifuta machozi, "ulimwambia hivyo?"

"Mimi?" akasema Cornelius. "Mimi ni mtu wa ofisi, ningesemaje kitu kama hiyo? Dada alichanganyikiwa na msiba. Mnisamehe. Namvumilia tu."

Walimwita Masinde. Mzee alisimama akiegemea fimbo yake, uso umemkunjika. "Nilikuwepo siku Sifuna anampa," akasema. "Lakini nilimwuliza mbele ya watu wote, mara tatu, akanyamaza. Aliyenyamaza siku ya kunyolewa ameachilia. Hiyo si mimi nimetunga. Nikisema mengine leo, kesho kila mtu atafufua yake." Akakaa, na hakumtazama Navalayo.

Nasema wazi kwamba lilimwuma Masinde. Kuumwa kwake hakukumpa Navalayo hata tuta moja.

Cornelius hakumfukuza dada yake kwa fujo. Watu wa aina yake hawafukuzi. Alimwambia anaweza kuendelea kukaa, ila migomba ya upande huu atahitaji kuing'oa, na kibanda kimekaribia mno mahali anapotaka kupitisha njia. Kisha akaleta misumeno. Alikuwa anajenga nyumba ya mabati, ya kwanza katika kijiji kile, na nguzo zilihitajika. Miti ya lusiola ilianguka yote katika siku moja, ikachongwa, ikasimamishwa. Selpher, mke wa Cornelius, alimwalika wifi yake aje kuona nyumba mpya. Navalayo alikuja, akaingia sebuleni, akatazama juu, akaziona nguzo zake zimeshikilia paa la ndugu yake. Aliomba maji ya kunywa, akanywa, akaondoka. Mwezi uleule alihamia Malava.

Alipanga chumba nyuma ya duka, akauza ndizi za mashamba ya watu. Wakati wa mavuno alipanda lori na vibarua wengine kwenda Lugari, kuvuna mahindi ya watu waliopewa mashamba yaliyoachwa na Wazungu. Huko aliwaona watu wengine wakipewa udongo na serikali, wakipigwa picha juu yake, na yeye akibeba magunia yao. Na kule sokoni habari ilikwisha kumtangulia. Watu wana mdomo. "Navalayo, umelipa kodi ya marehemu?" walimtania wachuuzi wa samaki wakicheka. Mwanzoni alijibu kwa matusi. Baadaye aliacha kujibu, lakini uchungu haukumwacha. Alilala nao na kuamka nao, akautunza kama mtu anavyotunza moto usizimike. Aliyempenda kuliko wote duniani ndiye aliyemfanya mjinga mbele ya watu, na hilo lilimwuma kuliko shamba.

Mwaka wa sitini na tisa, siku ya soko, Selpher alikuja akasimama mbele ya ndizi zake. Alikuwa amepungua, kitambaa kimefungwa ovyo kichwani.

"Mulamwa," akasema, kwa jina tunaloitana mawifi, "ndugu yako anakuita. Tumbo imejaa maji. Daktari amesema tumrudishe nyumbani."

Navalayo alifunga gunia lake, akamkabidhi jirani, akaenda. Asiseme mtu kwamba hakwenda.

Alimkuta Cornelius amelala chali chini ya nguzo zile, macho makubwa, mikono kama ya mtoto. Selpher alitoka nje akawaacha. Kisha mgonjwa akaanza kusema. Kwamba anajua. Kwamba amekuwa akimwota baba, naye baba hasemi naye. Kwamba hataki kwenda na jambo hili.

"Nimezungumza na Selpher," akasema. "Nimezungumza na kijana wangu Chrispinus pia. Siku yangu ya kunyolewa ikifika, wewe simama. Useme unataka pale kwa mto. Watakupa, mbele ya watu, na itaisha."

Navalayo alimtazama. Moyo wake ulikuwa umeruka, hilo asingeweza kulikana. Pale kwa mto! Migomba yake, kijito, mahali pa kulala katikati na si kwa ua. Lakini swali lilimtoka kabla hajalifikiri.

"Kwa nini usinipe leo, Cornelius? Masinde yuko hai. Ameze dawa, aegemee fimbo, aje hapa mlangoni, umwambie neno moja tu: dada alipewa, mimi nikachukua. Kwa nini mpaka ufe?"

Cornelius alifunga macho. "Watu watasema nini," akajibu. "Mimi ni mzee wa kanisa."

"Kwa hivyo unataka mimi niombe."

"Useme tu, dada. Useme tu. Hayo watamaliza nyumbani."

Akageukia ukutani. Navalayo akamfunika miguu iliyokuwa wazi, kwa mazoea tu ya zamani, akatoka.

Cornelius alizikwa kwa heshima. Watu wa kanisa waliimba, mkubwa mmoja wa ofisi alikuja na gari, yakasemwa mengi juu ya uaminifu wake. Navalayo alisimama nyuma pamoja na wanawake wa sokoni, macho makavu, na watu walimwona. Siku ya tatu alikuja mapema. Alikuwa amevaa kanga yake nzuri. Usiku kucha alikuwa amepanga maneno yake, na yalikuwa mafupi: baba alinipa, Masinde ni shahidi, naidai. Alikuja kuchukua shamba lake. Hakuwa na nia nyingine yoyote, ya kisasi wala ya majivuno.

Alikwenda jikoni kusaidia, maana hata mwenye madai yake siku hiyo haketi bure. Alikuwa akisonga obusuma, ugali wetu, kwenye sufuria kubwa Chrispinus alipoingia. Huyu alikuwa mwana mkubwa wa Cornelius, anasomea ualimu, kijana mwenye adabu na nywele za kuchana. Akachuchumaa karibu na mafiga. Moshi ukamliza machozi. Akamwekea shangazi yake mkono begani.

"Senge," akasema, kwa jina tunalowaita mashangazi, "baba alituambia. Usiwe na wasiwasi, utapata mahali. Ila leo kuna wageni wa kanisa na wa ofisi. Ukisimama, usitaje mambo ya babu, wala yale ya kamati. Sema tu huna mahali pa kukaa, unaomba msaada. Sisi tutakubali. Hiyo ingine tutamaliza nyumbani."

Mwiko ulisimama ndani ya sufuria. Navalayo alimtazama kijana yule, mkono wake, kucha zake safi, kuchuchumaa kwake, na kwa kitambo hakujua ni mwaka gani. Kisha akaendelea kusonga.

"Nimesikia," akasema.

Uani watu walijaa tena. Mzee Masinde, ambaye sasa alisimamishwa kwa kushikwa makwapa, aliuliza swali lake. "Kuna mtu ana kitu chake kwa marehemu?" Hapakuwa na mtu aliyetazama kwingine ila kwa Navalayo. Hata wageni wa ofisi, wasiojua lolote, waligeuka walikogeuka wenzao. Selpher alitikisa kichwa kidogo, kumtia moyo.

Masinde akauliza mara ya pili. Navalayo akasimama.

"Mimi ni Navalayo wa Sifuna," akasema, na sauti yake ya sokoni ilifika mpaka barabarani. "Marehemu ni ndugu yangu, nilimbeba mgongoni. Alikuwa karani wa serikali, alijua mambo. Mwaka ule alipokufa baba, aliniita jikoni akanifundisha kwamba kitu kikitajwa siku kama ya leo, serikali inakikata kodi. Nilimwamini, nikanyamaza, na wengi wenu hapa mlinicheka. Leo nimeitwa tena jikoni." Chrispinus aliinamisha kichwa. "Mimi siombi msaada. Na kitu changu nikikitaja, nitawaletea hawa watoto kodi ya baba yao. Sitaki wakatwe. Kwa hivyo sitaji kitu."

Akakaa.

Mtu mmoja alianza kucheka, akaona hakuna anayemfuata, akanyamaza. Mzee wa kanisa aliyemsifu Cornelius siku ya mazishi akaanza kukitazama kitabu chake cha nyimbo. Selpher alijifunika uso kwa kitambaa. Masinde hakuuliza mara ya tatu upesi. Chrispinus alikuwa ameshika birika, beseni limewekwa tayari, na mzee aliyatazama maji yale, kisha akamtazama Navalayo, akangoja. Kila mtu alielewa anangoja nini. Neno moja tu, na shamba ni lake.

"Mara ya mwisho, binti Sifuna," akasema mzee, na sauti ilikuwa ya kusihi. "Hakuna kitu chako?"

Navalayo aliiona migomba. Aliliona tawi la lusiola mkononi mwa baba yake. Akakitazama kiatu cha Chrispinus, kimepakwa rangi kikang'aa, na akatikisa kichwa.

Wazee wakanawa mikono. Beseni likamwagwa nje ya ua.

Selpher alimfuata mpaka njiani, mbio, kitambaa kimemwanguka. "Mulamwa, kwa nini? Tulikuwa tunakupa! Si tulikuwa tunakupa?"

"Mlikuwa mnanipa msaada," akasema Navalayo. "Mimi nilipewa shamba."

"Sasa utakaa wapi? Utazikwa wapi?"

Navalayo alishuka akiukamata upindo wa kanga, akapitia kando ya kijito ingawa njia hiyo ilikuwa ndefu. Mahali pa kibanda chake palikuwa pameota magugu. Lakini visiki vya lusiola vilikuwa vimechipua, kila kimoja kina fimbo mbili tatu za majani mabichi, na kwa kuvifuata kwa macho aliweza kuuona mpaka wote, pale ulipoanzia na pale uliporudi. Ulikuwa umenyooka. Cornelius alichimba vizuri siku ile. Navalayo alikaa chini katikati, mahali pale pale alipoonyeshwa na baba yake, na kilio alichokikosa kaburini kikamjia chote kwa pamoja, kwa sauti, mikono ikishika nyasi.

Wanawake wawili waliokuwa wakitoka kuchota maji walimwona. Walitua mitungi yao, wakamwinamia kwa heshima.

"Pole sana, mama," wakamwambia. "Ndugu ni ndugu."

Navalayo alifuta uso kwa kanga, akaitika, "Asante."